Matandazo Yaliyokuja kwa Lori

Mume wa Mama Matandazo alikuwa na kiti chake, na hakikuwa ndani. Kilikaa nje karibu na mlango wa jikoni, kiti cha plastiki kilichovunjika mkono mmoja, na hapo ndipo alipokaa kila jioni akitoka kazini mpaka wanawake wa nyumba hiyo wairidhie ngozi yake. Alikuwa mshika bomba. Alisimama nyuma ya lori la tangi na kunyunyizia mafuta mazito meusi, ya moto, juu ya vilima vya mchanga, ili yakiganda yafanye gamba na upepo usiweze tena kuusukuma mchanga barabarani na majumbani. Mafuta yale hayatoki kwa maji. Alijisugua kwa mafuta ya taa, kisha kwa mchanga, kisha kwa sabuni ya kufulia, na bado mama yake mzazi, aliyelala chumba cha uani, alisema harufu inamwingia mpaka kwenye meno.

"Sina meno mengi," bibi alisema. "Haya machache naomba yanuke chakula."

Siku hiyo mshika bomba hakujisugua. Alikaa ameshika tama, na weusi wa kiganja ukamchora shavuni. Mkewe alikuwa anachambua mboga za kupeleka sokoni asubuhi. Alimtazama mara moja tu.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Hilo ulilolikalia."

Mume akavuta pumzi. "Jumatano tunaingia kilima cha kwetu."

Mboga zikabaki mkononi mwa mama. Kilima cha kwetu kilikuwa nyuma ya safu yao ya nyumba, na chini yake, upande uliotazama nyumba, kulikuwa na kisima. Mvua ikinyesha, hata ile ya kulowesha kamba tu, kilima kiliinywa yote, kikaichuja polepole, na baada ya muda maji yakatokea kisimani, baridi na matamu. Mtaa mzima ulikunywa humo. Bustani ya Mama Matandazo ilikunywa humo pia, na bustani ndiyo iliyosomesha mabinti wake wawili.

"Kile chote?" aliuliza.

"Chote. Na uso wa kisimani."

"Na wewe ndiye utakayeshika bomba."

"Sasa nani mwingine, mama watoto? Ndiyo kazi yangu."

Walikuwa wameshaona yaliyoupata mtaa wa chini. Kule walinyunyiza msimu uliopita, na haki isemwe: mchanga ulisimama. Barabara iko wazi, na zahanati iliyokuwa ikifukuliwa kwa koleo kila baada ya upepo sasa inafungua mlango wake bila jasho. Lakini mvua ya kwanza haikuingia mchangani. Iliteleza juu ya lile gamba jeusi na kushuka yote kwa pamoja mpaka kisimani, na maji yakawa na utando wa rangi rangi na harufu ya gereji. Mbuzi walinusa wakarudi nyuma. Vichaka vidogo vilivyokuwa vimeanza kushika vilikauka vikiwa vimesimama, na mijusi iliyokuwa ikichora mistari mchangani kila asubuhi haikuonekana tena. Watu wa mtaa wa chini sasa wananunua maji kwa ndoo, na wanaongea kwa hasira hata wanaposalimiana.

Mama Matandazo alikuwa na sababu yake ya pekee ya kutolala usingizi mzuri, nayo ilikuwa jina lake.

Alilipata kwenye mkutano. Watu wa mradi walikuja, wakawakusanya wakazi katika darasa la shule, wakaeleza kwamba watatumia matandazo kuzuia mchanga. Wengi hawakulijua neno hilo. Yeye alilijua. Alisimama bila kuitwa, mkulima wa mboga mbele ya wakubwa, akawaeleza: matandazo ni majani makavu unayotandika juu ya udongo ulio uchi, jua lisiuchome, maji yasipotee, upepo usiubebe. Kila msimu yeye anatandaza bustanini kwake. Fundi cherehani, mwanamke jirani yake anayekaa chini kabisa ya kilima, akauliza kama hayo matandazo hayawezi kumdhuru mtu.

"Jirani," mama alimjibu, "umewahi kusikia nani amelazwa kwa kukanyaga nyasi?"

Darasa likaangua kicheko, watu wakanyoosha mikono kukubali, na msimamizi wa mradi akamwombea makofi. Siku hiyo ndipo alipoitwa Mama Matandazo, na alirudi nyumbani kichwa juu. Kisha malori yakaja. Hakukuwa na hata jani moja ndani yake. Tangu hapo jina lilibaki lile lile, ila watu walilitamka wakiwa wamebinua midomo.

"Walitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," bibi alisema kutoka mlangoni.

"Ingekuwa chupa, mama, ningeshukuru," alisema mkwewe. "Haya wamepaka kwa lori." Akazifunga mboga zake kwa kamba, akaikaza mpaka shina moja likakatika. "Mimi niliwaambia watu majani. Kilima cha kwetu kitapata majani."

*

Ofisi ya mradi ilikuwa kontena lenye madirisha mawili yaliyotobolewa kwa moto. Mlangoni karani alimwangalia miguuni.

"Vua viatu, mama. Tumedeki."

Mbele yake mafundi wawili waliingia na mabuti yao yaliyojaa lami, wakaacha alama tangu mlangoni mpaka mezani. Mama akazitazama, akamtazama karani, akavua kandambili zake akazishika mkononi. Aliona aibu, na aibu hiyo aliimeza kwa sababu hakuja kugombea sakafu.

"Ahaa! Mama Matandazo!" Msimamizi alisimama kumpokea. "Huyu ni mtu wangu. Bila huyu mpaka leo tungekuwa bado tunapigiwa maswali." Mafundi wakacheka.

"Bwana msimamizi, mkutanoni mlisema matandazo."

"Na ndiyo tuliyoleta. Matandazo ya mafuta. Nilisema mwenyewe."

"Ulisema wakati gani?"

"Mwanzoni kabisa."

"Mwanzoni watu walikuwa wanaburuta mabenchi."

Msimamizi alitaka kucheka tena, akaacha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye vilima vingi na malori machache. "Baada ya hapo nikafupisha," alisema. "Darasa lilikuwa na joto, mama. Watu walitaka kuondoka. Sasa niambie ukweli, ungesikia neno mafuta ungekataa?"

"Ningeuliza mvua itapita wapi."

"Kwa muda itapita juu, hilo sikufichi. Lakini tutapanda miche, mizizi itapasua lile gamba, na miaka michache ijayo huwezi kujua kama pana mafuta."

"Na hiyo miaka michache tunakunywa nini?"

"Kutakuwa na gari la maji."

"Linagawa au linauza?"

Msimamizi akapanga kalamu zake. "Na wewe nijibu la kwangu," alisema. "Fundi cherehani choo chake kimeangushwa na mchanga. Upepo mkubwa ujao unaingia chumbani kwake. Nikiacha ule uso wa kilima kwa ajili ya kisima, yeye nimwambie nini? Alale na mchanga?"

Hilo lilimuuma Mama Matandazo kwa sababu lilikuwa la haki. Fundi alinyoosha mkono mkutanoni kwa kumwamini yeye.

"Tutatandika majani," alisema. "Yatashika."

"Majani yanaoza."

"Yakioza nitatandika mengine."

"Kila msimu?"

"Kila msimu."

Mafundi wakatazamana. Msimamizi akaangalia saa yake. "Basi sikia. Mafuta haya ni ghali, sinyunyizi mahali palipokwisha kufunikwa. Ukiweza kuufunika ule uso wote kabla ya Jumatano, mimi nitapita bila kunyunyiza. Lakini nikikuta mchanga mtupu, nanyunyiza. Sawa?"

Alisema hivyo ili aachwe afanye kazi zake. Mama Matandazo alilibeba neno lile mpaka nje kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja, akavaa kandambili zake kwenye ngazi ya mwisho.

*

Akafunga kibwebwe. Mashamba ya ng'ambo ya barabara yalikuwa yameshavunwa na wenyewe walingoja kuchoma mabaki, kwa hiyo majani hayakuwa na mwenyewe. Alikata, akafunga, akasukuma mkokoteni wake wa mboga uliojaa mpaka yeye mwenyewe haonekani. Mabinti walipotoka shuleni walipokea mizigo kisimani na kuipandisha kichwani. Bibi, asiyeweza kupanda hata ngazi, alikaa kivulini chini ya ukuta akifunga matita.

"Usidhani nakuunga mkono," alimwambia mkwewe. "Mwanangu akifukuzwa kazi nitakulaumu mpaka kaburini. Nafunga tu kwa sababu mikono imekaa bure."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Lete kamba."

Alitandika majani kama anavyotandika bustanini, tabaka nene na laini, akianzia chini. Kufikia jioni robo nzuri ya uso wa kilima ilikuwa imevaa. Alishuka akainua macho, na moyo wake ukafurahi kweli. Alijisemea kwamba kumbe kazi yenyewe si ngumu.

Adhuhuri ya kesho yake upepo ulivuma, na wala haukuwa mkubwa. Ulipita mara tatu nne tu. Mama Matandazo alikuwa ng'ambo ya barabara akikata majani mengine, akasikia watu wanaita. Alipofika, kilima kilikuwa uchi kama alivyokikuta. Matandazo yake yote yalikuwa yameshuka kwa fundi cherehani: juu ya bati, ndani ya pipa la maji, kwenye kamba ya nguo, na kupitia dirishani mpaka kwenye gauni jeupe la bi harusi lililokuwa likingoja kupigwa pasi.

Fundi alitoka na sindano bado mdomoni, akaitema kiganjani ili aweze kusema vizuri. Majirani walikuwa wameshakusanyika. Watu hawana shughuli kukiwa na fedheha ya mwenzao.

"Hiki nini?" Alimtupia kumbatio la majani miguuni. "Nakuuliza, hiki nini? Kwanza ulinidanganya mbele ya darasa zima. Nikanyamaza. Sasa unanijazia takataka kwenye gauni la mwenzio anayeolewa!"

"Samahani, jirani."

"Samahani inaondoa makapi? Wewe mtu mzima! Kitambaa ukikiweka mezani bila pini, feni ikiwashwa kinakaa? Hata mtoto wa mwezi mmoja kwenye kazi anajua anapiga pini kwanza. Wewe umemwaga majani juu ya kilima, umempa upepo mgongo, umeenda zako!"

"Leteni lori," mtu mmoja alisema nyuma. Wengine wakaitikia. Mama Matandazo alisimama katikati yao na majani yamemnasa kwenye nywele, machozi yamejaa, na akili yake imeganda kwenye neno moja alilolisikia.

"Pini," alisema.

"Ndiyo, pini!"

Aliokota fungu la majani. Akapanda hatua chache kilimani, watu wakimtazama, akalilaza kwa upana mchangani. Akachukua koleo, akaliweka makali katikati ya majani na kulikanyaga kwa mguu kwa nguvu zake zote. Koleo likazama. Majani yakajikunja katikati na kuzama nalo, na alipolichomoa, ncha zote mbili zilibaki zimesimama nje ya mchanga, wima, kama brashi. Akazivuta. Hazikutoka. Akalaza fungu jingine pembeni yake, akakanyaga tena.

Majirani wakaanza kutawanyika, maana hakukuwa na ugomvi tena. Fundi cherehani hakuondoka. Alisimama mikono kiunoni akiutazama ule ukuta mdogo wa nyasi ukiongezeka, uso wake ukiwa na maumivu ya mtu anayeona kitu kibaya kikitendwa mbele yake.

"Unapinda," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Mstari wako unapinda kushoto. Hivyo hautakutana na mwingine. Unataka iwe miraba, si ndiyo? Upepo ukitoka huku uzuiwe, ukitoka kule uzuiwe?"

Mama Matandazo alikuwa hajafikiria miraba. "Ndiyo," alisema.

"Basi unapinda." Fundi akaingia ndani, akatoka na kamba yake ndefu ya kupimia. "Mimi kisima chako hakinihusu, tusikilizane. Mimi nataka mchanga usinifuate kitandani. Uzuiwe na mafuta, uzuiwe na majani, kwangu yote sawa. Ila nikiangalia huo upinde wako mpaka Jumatano nitaugua."

Alishika ncha moja ya kamba, akampa mwenzake nyingine.

*

Jumanne mshika bomba alirudi kutoka kazini, akapita kiti chake, akaingia hivyo hivyo na harufu yake mpaka chumbani. Mkewe alikuwa ameweka miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nyayo zilikuwa zimechubuka kwa kukanyaga koleo.

"Unajua wananiitaje kule?" alimuuliza. "Bwana Matandazo. Leo dereva amenitandikia majani kwenye kiti cha lori. Watu wamevunjika mbavu."

"Ni jina zuri."

"Mimi sicheki!" Alisema kwa sauti, kisha akaishusha kwa ajili ya mama yake. "Nilihangaika kiasi gani kupata kazi hii, si unajua? Nikimwaga unga, mboga zako zitatosha? Ada ya watoto, dawa za mama?"

"Hazitatosha."

"Sasa?"

"Na maji yakiharibika hakuna mboga. Halafu huo mshahara wako tutaununulia ndoo za maji." Alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akautazama, akaurudisha. "Baba watoto, mimi sikwambii uache kazi. Fanya kazi yako. Mimi nafanya ya kwangu."

"Zinakutana kesho hizo kazi. Hujaliona hilo?"

Alikuwa ameliona. Alikuwa ameliona tangu kwenye kontena, na alikuwa anaogopa, lakini hofu hiyo haikuwa imemfanya aweke koleo chini hata mara moja. "Kumebaki ukanda wa juu," alisema. "Nikiamka mapema naweza kuumaliza."

"Huwezi kuumaliza."

"Naweza kuuanza."

Mumewe alikaa kitandani, akakumbuka nguo zake, akasimama haraka. Shuka lilikuwa limeshapata doa. Usiku huo kila mtu alilala ameupa mgongo upande wa mwenzake.

*

Lori lilikuja Jumatano jua likiwa limeshapanda, likinguruma na kutoa mvuke juu ya tangi. Msimamizi alishuka na kofia yake ngumu. Alikitazama kilima, akakitazama tena. Kuanzia kisimani kwenda juu, uso wote ulikuwa umegawanywa miraba ya nyasi zilizosimama, mistari imenyooka kama daftari la hesabu, na mchanga ndani ya kila mraba umetulia. Lakini juu kabisa, chini ya ukingo, ukanda mmoja ulikuwa bado mtupu. Huko juu Mama Matandazo alikuwa anakanyaga koleo, na fundi cherehani amepiga magoti akilaza majani mbele yake.

"Nimesema kabla ya Jumatano," msimamizi aliita.

"Nimekusikia!" mama alijibu bila kugeuka.

"Pale palipofunikwa nitapaacha, neno langu ni neno. Lakini huo ukanda ni mchanga mtupu, na mchanga ukianza kushuka unaanzia huko juu. Teremkeni!"

Walioko chini wote waliuelewa ukweli wa jambo hilo. Mafuta ya moto yakimwagwa pale juu hayatakaa pale juu. Yatateremka kwenye miraba, yataunguza nyasi, na mvua ya kwanza itamalizia yaliyobaki kisimani. Bibi aliyekuwa kwenye kivuli chake aliacha kufunga matita.

"Bomba!" msimamizi aliamuru.

Mshika bomba alilivuta bomba mpaka chini ya kilima. Alikuwa na ovaroli, glavu na mabuti, na jasho lilimtoka kabla ya kazi. Akaelekeza mdomo wa bomba juu. Mkewe hakumtazama. Alilaza, akakanyaga, akasogea. Alilaza, akakanyaga, akasogea.

Mume akaushusha mdomo wa bomba. "Bosi, pana watu."

"Nawaona. Watoe."

"Mafuta yana moto. Sheria ya kwanza uliyotufundisha, hatufungui bomba mtu akiwa mbele."

"Ndiyo nikasema watoe! Yule si mkeo?"

"Ni mke wangu," alisema mshika bomba. "Ndiyo maana nakwambia hatoki."

Dereva alicheka, akakuta amecheka peke yake. Msimamizi akaanza kupanda yeye mwenyewe, lakini kwenye mraba wa kwanza akasita, mguu umening'inia, hajui akanyage wapi bila kuvunja. Akarudi chini. Akamwamuru msaidizi achukue bomba. Msaidizi alilitazama bomba, akawatazama wale wanawake wawili juu, akasema mkono wake unauma tangu jana.

Muda ukapita. Kule juu ukanda mtupu ulipungua mraba kwa mraba, na wala haukupungua haraka. Mabinti walikuwa wamekimbia kutoka njiani kwenda shule, na sare zao, wakawa wanapandisha matita. Ndipo dereva, aliyekuwa amepanda kugonga ubavu wa tangi, akaita kwa sauti ya mtu ambaye sasa hana utani.

"Bosi! Yanapoa! Yakigandia humu tutachonga kwa patasi!"

Mafuta yale yakipoa hayatoki bombani, na lori lote linakuwa jiwe lenye magurudumu. Msimamizi alilijua hilo kuliko wote. Alisimama akipiga hesabu kichwani, shingo imemvimba. Kisha akapunga mkono kwa hasira.

"Zunguka! Zunguka upande wa barabara! Tunamwaga kule kwanza, kabla hayajaganda." Akamgeukia mshika bomba. "Wewe usizunguke. Vua."

"Nivue nini?"

"Vitu vya mradi. Vyote. Na usije kesho."

Akavua pale pale mbele ya majirani, ovaroli, glavu, kofia, mabuti, akabaki na fulana yenye matundu na kaptula. Alikuwa mtu mzima na kichwa chake kilianza kuwa na mvi, na alikunja ovaroli vizuri kabla ya kuikabidhi. Majirani waliangalia pembeni. Msimamizi aliipokea, akaangalia kilima kwa mara ya mwisho.

"Mama!" aliita. "Mchanga ukivuka njia hii ya kisimani, narudi. Sitakuja kukuuliza."

"Njoo tu," alijibu Mama Matandazo. "Utanikuta."

Lori likaondoka. Upande wa pili wa kilima likaanza kusikika likitema, na ile harufu ikaja juu ya ukingo ikawafikia wote. Upande ule ulikuwa umepotea, na hakuna aliyejidanganya kuhusu hilo.

Mume alipanda taratibu, miguu mitupu, akipita katikati ya miraba, akiruka kila ukuta mdogo bila kuugusa. Mchanga ulimuunguza. Alipofika alisimama pembeni ya mkewe, mikono haijui iende wapi. Fundi cherehani akaona ni vizuri akajishughulishe na kamba yake mbali kidogo.

"Nimemwaga unga," alisema.

"Nimeona."

"Tutakula nini?"

Mama Matandazo alisimamisha mguu juu ya koleo. Alitaka kumwambia neno la kumtuliza, na lilimjia mdomoni, akaliacha kwa sababu lilikuwa uongo. Alimwonea huruma.

"Sijui," alisema. "Nakwambia kweli, baba watoto, sijui. Ila maji tutakunywa."

Mume akaangalia chini, kisimani, ambako mama yake alikuwa amemwita binti mdogo amchotee. Alimwona akiinua kikombe, akinywa, akikirudisha ajazwe tena.

"Kumebaki kiasi gani?" aliuliza.

"Mpaka pale kwenye ukingo."

Akanyoosha mkono, akalichukua koleo mikononi mwake. Mkewe akapiga magoti na kulaza fungu la majani, akalisawazisha kwa viganja.

"Kanyaga katikati," alimwambia.